Aliyepiga Kelele na Aliyenyamaza

Watoto wangu ni mapacha, Kulwa wa kike na Doto wa kiume, na kabla hawajatimiza miaka tisa Doto alikuwa ameshapimwa na kila mtu katika kata yetu isipokuwa daktari. Mwalimu wake alisema ni mtukutu wa makusudi. Mama mkwe wangu alisema ni matambiko ya mapacha ambayo sikutaka yafanywe. Mtumishi wa Mungu mmoja, mwenye turubai nyuma ya stendi, alisema ni roho ya kukataliwa, tufunge na kuomba. Majirani walisema ni mimi. Juu ya Kulwa hakuna aliyesema neno.

Mimi ni Mhangaza wa Ngara, nimeolewa Biharamulo. Mume wangu ni Msukuma, na majina ya watoto mmeshayasikia. Baba yake alihamia huku na ng'ombe wake akitokea upande wa Geita. Mume wangu anaendesha malori ya mizigo, njia yake ni Nyakanazi kwenda Rusumo na Kabanga, kwa hiyo nyumbani kwake anakuja kama mgeni. Mimi nina duka la steshenari karibu na stendi: natoa kopi, nachapa barua, nawajazia vijana fomu za ajira kwenye intaneti. Duka hilo ndilo lililotulisha, na ndilo lililonipa nafasi ya kusoma haya nitakayoyasema.

Waliingia darasa la kwanza Januari 2016, mwezi ule ule elimu bila malipo ilipoanza. Watu walifurika. Watoto waliokuwa wamebaki nyumbani kwa kukosa michango, wa miaka minane, tisa, hata kumi, walikuja kuandikishwa pamoja na wangu ambao ndiyo kwanza walikuwa wanaikaribia sita. Chumba kimoja, watoto zaidi ya mia, madawati ya kuhesabu, waliobaki chini sakafuni, na mwalimu mmoja mwenye chaki. Siwezi kumlaumu sana yule mwalimu. Ukiwa na watoto zaidi ya mia mbele yako, unachokiona ni kile kinachosimama. Na Doto alikuwa anasimama.

Alisimama kufuata mlio wa lori barabarani akidhani ni baba yake. Alijibu swali kabla mwalimu hajalimaliza, akalijibu vibaya, akacheka. Alipoteza penseli, ufutio, sweta, na mara moja kiatu cha mguu mmoja, ambacho mpaka leo hatujui kilikwenda wapi. Nyumbani alikunywa uji akitembea. Usiku alilala kama gunia lililodondoka, asubuhi ikianza tena kabla jogoo hajamaliza. Kulwa yeye alikaa pale alipokalishwa. Daftari lake lilikuwa safi, na sababu ya usafi huo ni kwamba nusu ya kurasa hazikuwa na kitu: anaanza hesabu, anaandika tano kujumlisha, basi. Mwalimu aliniambia kwa sifa, "Mama Kulwa, huyu binti ana adabu sana." Nikafurahi. Nani asingefurahi?

Doto alichapwa. Kanuni za mwaka 2002 zinataka viboko visizidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyempa idhini kwa maandishi, na viandikwe kitabuni. Kitabu sikukiona. Nilichokiona ni miguu ya mtoto wakati wa kumwogesha. Halafu, Agosti 2018, ikatangazwa redioni kwamba mwanafunzi wa darasa la tano katika Shule ya Msingi Kibeta, Bukoba, mkoa wetu huu huu, amefariki baada ya kuchapwa na mwalimu kwa tuhuma ya kuiba mkoba. Nilikuwa dukani, natoa kopi za vyeti. Nilifunga mlango saa nne asubuhi, nikaenda kumtoa mwanangu darasani, nikampeleka kwa babu yake.

Hapo ndipo ndugu walipopata nafasi ya kutosha ya kusema.

Mama mkwe wangu si mtu mbaya, na ninataka hilo lieleweke kabla sijaendelea. Alinilea kizazi changu cha kwanza kwa mikono yake. Lakini kwa akili yake mapacha hawaji duniani kama watoto wengine; wanakuja na madai yao, na mimi, kwa sababu ya kanisa langu, niliyazuia madai hayo. Doto alikuwa anadai. Nilichoka kubishana, nikakubali. Akachinjwa kondoo, ikapikwa pombe, wakaja wanawake wa kuimba nyimbo za mapacha, zile zenye matusi ambazo mchana wa kawaida huwezi kuziimba mbele ya mkweo. Watoto wote wawili wakakalishwa mkekani. Doto aliinuka kabla wimbo wa kwanza haujaisha, akawa anazunguka na ngoma. Kulwa alikaa mpaka mwisho, akabaki pale hata watu walipohamia kwenye chakula, mpaka nikamwona mimi giza likiingia. "Umekula?" Akaniangalia kama nimemwamsha.

Usiku ule Doto alilala fofofo, na kwa siku mbili ikasemwa kwamba dawa imeingia.

Mtumishi wa Mungu alitaka sadaka na kufunga. Alimshika Doto kichwa kwa nguvu, Doto akamng'ata mkono, na ule mng'ato ukahesabiwa kuwa ushahidi. Shemeji yangu mmoja alikuja na lake: "Hawa watu wa mpakani, nani anajua wamechanganya damu na nani." Sisi wa Ngara tumezoea kuulizwa kama ni raia, maana Kihangaza chetu na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja. Sikutegemea nitaulizwa kupitia mtoto. Na majirani, wanawake wenzangu ninaowakopesha na kuwakopa, walisema hakuna ugonjwa pale, kuna mama anayeshinda dukani na baba anayeshinda barabarani.

Nimelifikiria hili kwa miaka sasa. Kila mmoja alimpima Doto kwa mahitaji yake mwenyewe. Mwalimu alihitaji ukimya. Mama mkwe alihitaji mila iheshimiwe kabla hajafa. Mtumishi alihitaji waumini. Majirani walihitaji kujua kwamba kwao jambo hilo haliwezi kutokea. Na mimi nilikuwa na langu: nilitaka jibu ambalo halikunitaja.

Kwa babu yake Doto alichanua. Mzee alimpa fimbo na ndama wachache, na jioni akarudi na habari: kijana ana macho, ana mbio, haogopi fisi, angalau wa kusikika kwa mbali. Kwa wiki kadhaa nikaanza kuamini wanaosema kwamba watoto wa namna hii hawana ugonjwa wowote, shule ndiyo mgonjwa. Kuna ukweli ndani yake, nitaurudia. Lakini siku moja Doto aliona kitu kwenye kichuguu, akakifuata, na ng'ombe wakaingia shamba la mihogo la mtu mwingine wakala walivyotaka. Babu alilipa. Anayesema mtoto kama huyu anahitaji tu malisho na hewa safi angekuja kulilipa lile shamba.

Likizo ya Desemba niliwachukua wote wawili nikaenda nao kwetu Ngara, kwa mama yangu. Kwetu ni mlimani, si mbali sana na Benaco, migomba imezunguka nyumba mpaka mlangoni na jirani anakusikia ukikohoa. Mama hakuwa na neno kuhusu Doto. "Huyu mvulana tu," alisema, "mtume akateke maji." Doto akateka, akarudi amelowa, akatumwa tena. Aliyemsumbua mama alikuwa Kulwa. Alimtuma chumvi kwa jirani, akarudi bila chumvi. Alimtuma tena, hakurudi. Tukamkuta amesimama njiani, anatazama mchwa.

Mama yangu ni mtu wa mwaka 1994. Aprili 28 hadi 29 mwaka ule, watu kama robo milioni kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo ndani ya saa ishirini na nne, na kambi ya Benaco ikawa mji kabla sisi hatujajua kinachoendelea. Mama alikuwa akiwauzia ndizi na kuni, na wengine aliwapa bure. Aliwaona watoto wengi. Aliniambia, huku anamenya ndizi na hanitazami: "Kule kambini kulikuwa na watoto wa aina mbili. Kuna waliokuwa hawatulii, wanapigana, wanaiba. Hao, wazungu waliwaona wakawachezesha mpira. Na kuna waliokuwa wanakutazama wasikuone. Hao hakuna aliyewaita. Huyu wako ananikumbusha wale."

"Lakini mama, Kulwa hajaona vita."

"Sijasema ameona vita. Nimesema anapotea. Alipougua ile malaria, alirudi wote?"

Kulwa aliugua akiwa na miaka mitatu. Degedege, halafu akapoteza fahamu, malaria imepanda kichwani kama tunavyosema, akalala siku kadhaa hospitali bila kunitambua. Akaamka, akala, akatembea, tukaimba. Habari ile tulikuwa tumeifunga.

Tabibu wa hospitali moja ya kule Ngara, nilipompeleka Doto kwa ajili ya sikio lililokuwa likitoa usaha, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuniuliza maswali badala ya kunipa majibu. Mtoto analala saa ngapi? Anakoroma? Anasikia ukimwita kwa nyuma? Kuna aliyempiga kichwani? Mwisho akaandika rufaa kwenda Bugando, Mwanza, idara ya afya ya akili. Niliposoma maneno hayo kwenye karatasi niliikunja mara nne nikaiweka kwenye sidiria, wasije wakaiona kwenye mkoba.

Safari ya kwenda Mwanza siku zile ilikuwa na kivuko. Biharamulo, Bwanga, Geita, Sengerema, halafu unafika Busisi unapanga foleni kusubiri pantoni, jua linakuwakia, na mtoto wako ni Doto. Leo kuna daraja la kilomita tatu, limefunguliwa Juni 2025, na vijana hawajui tulichopita. Nilimchukua Kulwa ili anisaidie kumshika mwenzake mkono asidondoke ziwani. Narudia, kwa sababu hili ndilo ninalolipenda katika habari yote: Kulwa alikwenda Bugando kama mlinzi.

Daktari alikuwa mwanamke, mtaratibu, anayeandika kila kitu. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza vituko vya Doto mpaka jioni. Alinisikiliza, kisha akaanza kuuliza yale ambayo hayakunivutia. Anafanya hivi nyumbani pia, au shule tu? Na kanisani? Na kwa babu? Yameanza lini? Kwa muda gani mfululizo? Alinieleza kwamba ili waseme mtoto ana tatizo la umakini na utulivu, dalili lazima zionekane mahali zaidi ya pamoja, zidumu miezi sita au zaidi, ziwe zimeanza kabla ya miaka kumi na miwili, na ziwe zinamharibia maisha. "Tatizo linaloonekana darasani peke yake," alisema, "mara nyingine ni la darasa." Akataka kujua wenzake wana umri gani. Nikamwambia. Akaweka kalamu chini. "Kwa hiyo mtoto wa miaka sita alikuwa anapimwa kwa kutulia kwa mtoto wa miaka tisa."

Sikio lile alilipeleka kwa wenzake wa masikio. Doto alikuwa hasikii vizuri upande mmoja, na kule shule alikuwa akikalishwa nyuma kabisa, adhabu ya utukutu wake.

Wakati tunazungumza, alikuwa amewapa watoto karatasi wanakili mistari kutoka kitabuni. Doto alimaliza kwa mwandiko wa kuku na alikuwa chini ya meza. Kulwa alikuwa kwenye mstari wa pili, kalamu imesimama, macho dirishani. Daktari akamtazama kwa muda.

"Na huyu anaumwa nini?"

"Huyu mzima, daktari. Nimekuja naye anishikie mwenzake."

Tulirudi Biharamulo bila jina lolote, na fomu mbili za kujazwa na mwalimu. Mbili. Nilikwenda kufuata ugonjwa wa mmoja.

Mara ya pili mume wangu alikuja. Alipata mzigo wa Mwanza, akaegesha lori, tukakutana getini. Daktari alimwuliza, "Baba, wewe ulipokuwa mdogo ulikuwaje?" Akacheka. "Mimi? Mimi nilikuwa mbaya kuliko huyu." Halafu akaeleza, kwanza kwa utani, kwamba baba yake alimfunga kamba kwenye mwembe ili asome, kwamba alitoroka shule darasa la nne akapanda lori la pamba kama utingo na hakurudi mwaka mzima. Utani ukaisha katikati. Nimeishi naye miaka yote hiyo sikuijua habari ya mwembe. Daktari akamwambia kwamba tatizo hili hurithiwa sana. Tafiti zilizofanywa kwa mapacha wengi Ulaya na Marekani zinaonyesha kwamba karibu robo tatu ya tofauti baina ya watoto inatokana na kurithi. Mume wangu akauliza, "Kwa hiyo na mimi ni mgonjwa?" Hakujibiwa moja kwa moja. Aliulizwa kama kazi anaipenda. Anaipenda mno. Barabara ya Nyakanazi kwenda Rusumo haijawahi kumwambia atulie.

Majibu yalikuwa haya. Doto analo, la aina ya kutotulia na kukurupuka. Umri mdogo na sikio vilikuwa vimelikuza likaonekana kubwa kuliko lilivyo. Kulwa analo, la aina ya kupotea, na kwake lilikuwa zito zaidi. Huenda ni damu ya baba, huenda ni ile malaria, huenda ni vyote. Baadaye nilisoma kuhusu utafiti uliofanyika Hospitali ya Mulago, Kampala, uliochapishwa mwaka 2008: waliwafuatilia watoto waliopona malaria ya ubongo, na miaka miwili baadaye karibu mmoja kati ya wanne alikuwa na upungufu katika kufikiri, zaidi ya yote kwenye umakini. Mkoa wetu unaijua malaria kuliko unavyoijua mvua. Nikajiuliza ni mabinti wangapi wenye adabu sana wamekaa kwenye madarasa ya Ngara na Biharamulo.

Dawa ipo duniani, inaitwa methilfenideti. Kwetu haikuwa kitu cha kupata kwenye duka la dawa la wilaya, na daktari alisema wazi kwamba hata tukiipata leo, mwezi ujao huenda tukaikosa. Shirika la Afya Duniani liliombwa kuiweka kwenye orodha yake ya dawa muhimu, likakataa mwaka 2019 na tena 2021, likisema ushahidi wa faida na madhara yake haujatosha. Kwa hiyo tulirudi na maelekezo: kazi fupi fupi, kukaa mbele, kupumzishwa, kusifiwa mara moja anapofanya vizuri, na watu wazima wote kusema kitu kimoja. La mwisho ndilo lililokuwa gumu.

Jina lilipofika nyumbani lilipokewa kwa namna mbili, na hapa ndipo nilipolia kuliko kule kote. La Doto lilikuwa sherehe. Mama mkwe aliwatangazia watu: mnaona, mjukuu wangu si mkorofi, ni ugonjwa, tena wa ukoo, hata baba yake. Babu alilidai na yeye awe nalo. Shemeji wa damu za mpakani alinyamaza, maana sasa damu ilikuwa yao. Lakini la Kulwa waliniita chumbani. "Mama Kulwa," mama mkwe alisema kwa sauti ya chini, "hili la binti usilitoe nje. Nani atakuja kuposa mtoto mwenye karatasi ya vichaa?" Karatasi zilikuwa zimetoka kwenye meza moja, zimeandikwa kwa mkono mmoja. Ya mvulana ilimtoa kwenye lawama. Ya msichana ilimshusha thamani.

Mume wangu hakusema kitu siku ile. Alikuwa na safari usiku.

Basi tulikubaliana na shule kimya kimya. Alikuja mwalimu mkuu mpya, mtu wa kusikiliza, ingawa hakuwa na chumba cha ziada wala mwalimu wa ziada. Alichokuwa nacho ni kengele: ringi ya gari iliyoning'inizwa kwenye mti. Akampa Doto kazi ya kuigonga. Mtoto aliyekuwa akitoka darasani bila ruhusa sasa akawa anatoka kwa kazi, kila kipindi, na kurudi; akawa anauliza saa kila dakika mpaka wenzake wakajifunza kusoma saa kwa sababu yake. Alipandishwa dawati la mbele, sikio zima likielekea ubaoni. Hakuacha kuwa Doto. Aliacha kuchapwa kila siku, nayo ikatosha kuanzia.

Kwa Kulwa hakukuwa na kengele. Mtoto anayepotea huwezi kumtuma. Mwaka 2019 hakufaulu upimaji wa darasa la nne, akarudia, mwenzake akapanda. Kutenganisha mapacha darasani mama mkwe alikuona kama mkosi, na safari hii hata mimi nilisikia baridi mwilini. Halafu Machi 2020 shule zikafungwa kwa sababu ya korona. Mpaka zilipofunguliwa mwishoni mwa Juni, Kulwa alikuwa na mimi dukani. Nilikata karatasi zilizoharibika kwenye mashine ziwe vipande, kila kipande hesabu moja, akimaliza moja anapewa nyingine. Sikumwonyesha ukurasa mzima, maana ukurasa mzima ulikuwa unamzamisha. Kipindi kile alisoma kuliko miaka yote minne. Hakuna mtaalamu aliyenifundisha. Nilikuwa na mwanafunzi mmoja na muda wa kumsubiri, vitu ambavyo serikali yoyote ingeona ghali.

Ninasoma sana siku hizi, wateja wakipungua. Nimeona kwamba Marekani, kwa takwimu za mwaka 2022, zaidi ya mtoto mmoja kati ya kumi wa miaka mitatu hadi kumi na saba ameshawahi kuambiwa ana tatizo hili, wakati makadirio ya dunia ni kama watano katika mia. Na kuna utafiti wao wa mwaka 2018 ulionishtua kwa sababu nilikuwa nimeshausikia chumbani Bugando. Katika majimbo ambako mtoto lazima awe ametimiza umri kabla ya Septemba mosi ili aingie shule, waliozaliwa Agosti, yaani wadogo kabisa darasani, walikuwa na uwezekano wa kupewa jina hilo kwa asilimia 34 zaidi ya waliozaliwa Septemba. Mwezi mmoja wa kuzaliwa. Kule nao wana mashine zote na madaktari wote, na bado macho ya mwalimu yanaanza na yule anayesimama. Tofauti yetu ni kwamba kule ukikosewa unapewa kidonge, huku ukikosewa unapewa fimbo au kondoo anachinjwa. Sijui lipi ningelichagua, na nashukuru sikuulizwa.

Wapo wanaosoma takwimu hizo wakasema basi hakuna ugonjwa, ni uzushi wa wazungu. Waje wakae na Kulwa akitafuta chumvi. Lipo, ni la kweli, linaumiza. Ila kabla halijafika kwa daktari linapita kwenye mikono ya watu wengi, na kila mkono unachuja: huyu ana kelele, apite, huyu ana adabu, abaki.

Doto alifika kidato cha tatu mwaka 2025. Hesabu hazipendi, anapenda kazi ya fundi umeme mmoja wa hapa stendi, anashinda kwake Jumamosi. Kulwa yuko nyuma yake mwaka mmoja. Alipochaguliwa kidato cha kwanza zilikuja fomu za kujiunga, na ndani yake kulikuwa na fomu ya afya yenye sehemu ya mzazi kueleza magonjwa ya mtoto. Ya Doto, mwaka uliotangulia, tulikuwa tumeiandika bila hata kushauriana. Hii ilikaa mezani siku tatu. Mama mkwe alisema nafasi iachwe wazi. Mume wangu alipiga simu akiwa Kabanga, foleni ya malori haisogei, akasema, "Mimi yangu hakuna aliyeiandika popote. Muulize mwenyewe."

Nikamwuliza. Kulwa alichelewa kujibu kama kawaida yake, mpaka nikadhani ameshapotea.

"Nikiandika, watanikalisha mbele?"

"Sijui. Labda."

Akachukua kalamu akajaza mwenyewe, taratibu, akaruka herufi mbili akarudi kuzichomeka. Wiki ya pili ya muhula mwalimu wa malezi alinipigia simu kuniuliza kama hicho kitu kinaambukiza. Nilimweleza kwa kirefu, salio lake likakatika, nikampigia mimi tukamalizia. Kulwa anakaa dawati la pili. La kwanza lina mguu mbovu, na wanasubiri fundi.